Trei Iliyoitwa Shemeji

Nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia sifa nisizokuwa nazo. Wapo waliozaliwa na kengeza, wapo waliozaliwa na kigugumizi; mimi nimezaliwa na wivu, na mtaani kwetu Ujiji hakuna asiyejua. Lakini siku nilipomsikia mwanamume mwenzangu, yuko juu ya ngazi, kifua wazi, anapaza sauti, "Jamani, nani kaondoka na shemeji? Nirudishieni shemeji! Mimi bila shemeji leo sifanyi kazi!" na huyo shemeji anayetajwa ni mke wangu mimi, hapo nilijua kwamba wivu wangu wote wa nyuma ulikuwa mazoezi tu.

Alichokuwa anakitafuta ni trei ya rangi. Hilo nalijua. Lakini jina lilikuwa la mke wangu, na aliyeligawa ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Mimi ni fundi rangi. Nimepaka nyumba Kigoma mjini, nimepaka Ujiji, nimepaka mpaka vyoo vya shule, na sijawahi kuitwa nirudie kazi, isipokuwa mara moja ambayo nitaisema, maana nisiposema mimi watasema wao. Mwaka huo tulikuwa Bangwe, kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa inayotazama ziwa. Mwenye nyumba alitaka nyeupe, nje na ndani, nyeupe ya kuumiza macho.

Sasa, trei za dukani zinajulikana. Ni kisahani cha plastiki, upande mmoja kimezama ili kishike rangi, upande mwingine kimeinuka na kina mistari ya kukamulia rola. Ukiwa umesimama chini haina neno, unachovya, unakamua, unapaka. Panda ngazi sasa uone kazi. Trei haina pa kukaa. Ama ushuke kila rola inapokauka, mpaka magoti yalie, ama mwenzako asimame chini akuinulie trei juu ya kichwa. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo: wa juu anapaka, wa chini anainua. Na pale Bangwe, upepo wa ziwa ukianza kuvuma, rangi inaota ngozi ndani ya trei kabla hujaifikia, ukiichukua hivyo unaupaka ukuta mabonge.

Mwenzangu wa chini alikuwa mtu mzima mwenzangu, familia yao imetoka Burundi ikakaa huku siku nyingi. Mpole, ana upara, na kila unachomwambia anajibu "ego", yaani ndiyo, hata kama hakubaliani na wewe.

Mke wangu kwao ni Simbo, na sokoni Ujiji anauza mawese. Siku moja alikuwa amempelekea mteja mafuta huko Bangwe, akapitia saiti kuniletea chakula. Akafika wakati ule ule mwenzangu ameinua trei juu, upepo ukaja, trei ikayumba, na rangi nyeupe ikamwagika taratibu juu ya ule upara. Mke wangu akacheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa saruji. Alipomaliza kucheka akasimama kuiangalia trei, anaigeuza huku, anaigeuza kule, kama anachagua nyanya.

"Hiki chombo kabuni nani?" akauliza.

"Kinatoka kiwandani," nikamwambia.

"Basi huyo wa kiwandani hajapanda ngazi hata siku moja."

"Mama, weka chakula uende. Haya ni mambo ya ufundi."

Aliweka chakula, akaenda. Jioni narudi nyumbani namkuta uani na kisu kimewekwa motoni kimekuwa chekundu, na dumu la mawese, yale ya njano ya lita ishirini, limelazwa mbele yake. Nikamuuliza anapika nini. Akasema, "Nakata dirisha."

Na kweli alilikata dirisha tumboni mwa dumu. Chini akaacha sehemu nzima, ili ishike rangi. Juu akaacha sehemu nzima, yenye mkono wake na mdomo wake na kifuniko chake. Hilo dumu la kwanza lilijikunja alipolitia maji. Alikuwa amekata hadi kwenye pembe, na pembe ndizo zinazolishikilia. La pili akaziacha pembe. Halafu akachukua kijiko, akapasha mpini wake motoni, akaanza kuchora mistari ukutani mwa dumu kwa ndani, pale ambapo rola itajikamua. Akabonyeza mno, likatoboka. Akaleta la tatu. Majaribio aliyafanya kwa maji ya udongo na rola yangu iliyochakaa, juu ya ukuta wa jiko letu. Kila jioni naingia nakuta jiko lina mabaka mapya.

Mimi nilikuwa nakaa kibarazani, namsikia anacheka peke yake huko nyuma. Mtu na mkewe wakiwa na furaha ni pamoja, siyo? Sasa huyu ana furaha yake na dumu. Roho iliniuma, nasema kweli. Niliita chai mara ambazo sikuwa na kiu.

Siku aliyoniambia limekamilika, lilikuwa na kulabu ya nondo kwenye mkono, ya kulining'iniza kwenye kipandio cha ngazi. Nilikubali kwenda nalo kwa nia moja tu, lishindwe mbele ya watu ili nyumba yangu itulie.

Halikushindwa. Nililitundika ngazini, likatulia. Rola ikazama chini, ikapanda kwenye mistari, ikajikamua, ikatoka imeshiba bila tone kudondoka. Zile pembe alizoziacha zikakinga upepo, rangi haikuota ngozi. Mwenzangu chini akabaki mikono mitupu, anatazama juu, halafu akaenda akajitafutia ngazi yake akaanza ukuta mwingine. Na jioni ndipo niliposhika mdomo: unalilaza chali, unainamisha kichwa chake kwenye ndoo, unafungua kifuniko, na rangi yote iliyobaki inarudi kupitia ule mdomo wa dumu, hakuna kinachomwagika. Nilikuwa sijafikiria. Miaka yote hiyo nimwage rangi pembeni ya ndoo, nisifikirie!

"Fundi," mwenzangu akaniita, "hii umenunua wapi?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilijisikia fahari, dakika moja tu, nikajibu kwa sauti wasikie wote, "Aka, hainunuliwi hii. Kaitengeneza shemeji yenu."

Kwa heri. Kesho yake asubuhi, kabla sijavua hata shati, nasikia, "Leo naanza mimi na shemeji!" Mwingine anajibu, "Jana umekaa naye kutwa, leo zamu yangu." Yule mpole wangu wa ego, niliyedhani ana staha, ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. "Mshike shemeji kiunoni, usimshike shingo, atakatika." "Shemeji kakauka, mpeni maji." "Mwosheni shemeji kabla hatujaenda nyumbani." Wakapiga picha wakaweka status: *Shemeji kazini*. Nikaona simu yangu inawaka, binamu yangu ananiuliza mke wangu ameanza lini kufanya kazi na wanaume. 

Nikawaambia waache. Wakaniuliza, kwani wewe umeiitaje? Nikawaambia waite trei. Wakasema trei ni ile ya dukani, hii ni shemeji. Na mke wangu nilipomlalamikia, badala ya kuona haya, akauliza, "Wanasema inashika rangi vizuri?"

Angalau angekasirika tungekuwa wawili.

Halafu ukaja wivu wa aina nyingine, na huu ulikuwa mbaya zaidi. Msimamizi wa saiti, mtu wa maneno machache, alisimama akalitazama lile dumu muda mrefu, akasema, "Aliyefanya hivi ndiye fundi." Mimi nimesimama hapo hapo! Nimetoka jasho kwenye kuta zake tangu msingi haujakauka, hajawahi kuniambia hata "afadhali". Nikajiapiza kwamba nitatengeneza trei ambayo hiyo ya mke wangu itaonekana kikombe cha mtoto.

Nikachukua dumu uani kwake, kwenye yale matupu yaliyopangwa, sikumwuliza. Kuuliza ni kujishusha. Nikalikatia saiti. Langu nikalipa dirisha pana kuliko lake, mistari mingi kuliko yake, na kulabu mbili. Niliposuuza kwa maji nikaliona safi. Nikawatangazia, "Hii sasa siyo shemeji. Hii ni kaka yenu." Wakacheka, wakaniachia ukuta mkubwa wa mbele, ule unaoonekana kutoka barabarani.

Asubuhi tulipofika, ukuta ulikuwa umetoa macho. Sina namna nyingine ya kusema. Kila mahali palikuwa na viduara ambapo rangi ilikuwa imegoma kushika, imejivuta pembeni, na katikati ya kila kiduara pana doa la rangi ya chungwa. Ukuta mzima, juu mpaka chini, unanitazama. Mwenzangu akasogea, akainama, akaunusa. Akanigeukia taratibu.

"Fundi," akasema, "ukuta huu unanuka maharage."

Kwetu maharage bila mawese hayajapikwa. Watu walilala chini kwa kucheka. Mimi mtu wa Ujiji, mume wa muuza mawese, nilikuwa nimeisahau tabia ya mawese: kwamba hayatoki kwa maji, yanajificha ndani ya plastiki, yanakaa kimya, ukitia kitu kingine yanatoka kusalimia. Tulishinda kutwa na msasa tukiukwangua ukuta, jua likinipiga mgongoni, na kila anayepita na pikipiki anapunguza mwendo.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hilo liliniumiza kuliko angecheka. "Langu nililichemshia maji ya majivu," akasema, "nikalisugua na mchanga wa ziwani, nikalianika, nikarudia mpaka nikililamba siyaonji mawese. Ungeniuliza ningekwambia."

"Nikuulize wewe mambo ya rangi?"

"Uniulize mimi mambo ya dumu."

Baada ya hapo msimamizi akaja nyumbani. Alikuja kwa heshima zote, kavaa shati lililopigwa pasi, ameleta sukari, akamwamkia mama yangu, akaketi. Nikajua hili siyo salamu.

"Fundi, nimekuja na ombi," akasema. "Nisingeweza kumwendea mwenyewe moja kwa moja, wewe ndiye mwenye nyumba. Naomba ruhusa shemeji aje saiti. Shemeji mtu, siyo shemeji trei. Awatengenezee vijana hivyo vyombo, na kama mkono wake uko hivyo, apewe na rola. Ghorofa ya juu bado yote."

Mke wangu alikuwa mlangoni na chai. Nilimwona akisimama. Hakunitazama, alitazama birika.

"Haiwezekani," nikasema.

"Fundi, kwa nini?"

"Haiwezekani kwa sababu haiwezekani."

Mke wangu akaweka chai. "Karibu, shemeji," akamwambia mgeni, akaondoka. Ni hilo tu.

Kuanzia siku hiyo hakukata dumu tena. Kijiko kilirudi kwenye sukari. Alikwenda sokoni, alirudi, alipika, na kila nililosema akanijibu "sawa". Mke wangu hajawahi kuwa mtu wa sawa. Ni mtu wa "nani kasema", mtu wa "hebu rudia". Nikasema nataka kubadilisha kitasa cha mlango, sawa. Nikasema labda nisibadilishe, sawa. Nilikuwa nimeshinda, na nyumba yangu ilikuwa na baridi ya mtu aliyefiwa.

Saiti nako hakukuwa na nafuu. Yale madumu machache aliyokuwa ametengeneza yakaanza kupasuka kwa jua, moja moja, na kila linapopasuka nasikia, "Shemeji katutoka." Wengine wakaninung'unikia waziwazi, "Fundi, umemfungia mwanamke ndani kwa ajili ya dumu." Sasa walikuwa hawasemi juu ya trei tena, walikuwa wanasema juu yake yeye: kwamba ana akili, kwamba ana jicho, kwamba mwanamke kama yule si wa kuuza mafuta sokoni. Nilikuwa nimemficha ili wasimtaje, wakawa hawana wanalotaja ila yeye.

Ikanifika hapa. Jioni moja, anachambua dagaa uani, nikasimama mbele yake.

"Niambie ukweli. Unataka nini kwa wale wanaume?"

Akainua uso. "Wanaume gani?"

"Usinifanye mjinga. Wa saiti. Wanakuimba kutwa. Na wewe umenuna tangu nilipokukatalia. Kuna nini kule unachokitaka?"

Akawaweka chini dagaa wa mkononi. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko kisicho na furaha, na machozi yakamjia akiwa bado anacheka.

"Mimi niwatake wale? Wamejaa jasho na chokaa, mmoja ana upara?" akasema. "Mimi nautaka ukuta."

"Ukuta?"

"Ukuta! Baba, wewe kila jioni unarudi hapa nakuwekea maji ya moto, nakukwangua rangi kwenye kucha. Kucha moja moja. Unajua nilikuwa nawaza nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimejua miaka yote. Nilikuwa nafumba macho pale nikijiambia, hakuna mwanamume Ujiji anayependwa kama mimi.

"Nilikuwa nakuonea wivu," akasema. "Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Lakini wivu! Naikwangua ile rangi najiuliza, leo kapanda juu kiasi gani? Kaliona ziwa kutoka kule, au kalipa mgongo? Unanisimulia nyumba ya fulani ilivyotoka, asubuhi ilikuwa udongo, jioni inang'aa, umefanya wewe kwa mkono huu ninaoushika. Mimi mafuta yangu yakiuzwa yameliwa, kesho hakuna anayejua yalikuwepo. Roho inanichoma, nageuka nachochea moto. Wewe wivu wako ni wa kupiga kelele, mtaa mzima wanaujua. Wa kwangu nimeupika kila siku humu ndani, na hujawahi kuuonja."

Kumbe anayeonewa wivu ni nani? Mimi!

"Unadhani lile dumu nilikata kwa sababu ya upara wa mwenzako?" akaendelea, sasa sauti imeshuka. "Nilijua nikiomba kuja nawe utasema hapana. Nikasema, nikitengeneza kitu kikaingia saiti, mimi nitaingia nyuma yake. Kikaingia. Wakakiita jina langu. Na mimi nimebaki hapa nachambua dagaa."

Akarudi kwenye dagaa zake. Nikaketi chini, nikaanza kumsaidia kuchambua, vibaya, naacha mawe ndani, na yeye anayatoa nyuma yangu. Nilitaka kumwambia nimeelewa, lakini ningekuwa mwongo. Nilikuwa bado nasikia wivu, ila sasa sikujua wa nani.

Asubuhi nilikuta amevaa. Shati langu la zamani la kazi, suruali chini ya kanga, kitambaa kichwani. Alisimama mlangoni kwa namna ambayo nilielewa kwamba ruhusa haiombwi tena. Maneno yote ya "haiwezekani" yalinijaa mdomoni. Nikasema, "Vaa viatu vya kufunga. Ndala zinateleza ngazini."

Tulipoingia saiti rola zote zikasimama. Mtu ameimbwa wiki nzima, kisha huyo anakuja kwa miguu yake. Yule mpole wangu akavaa shati haraka haraka. "Shikamoo, shemeji," akasema, na wao ni umri mmoja. Mke wangu akamwitikia, "Marahaba, mwanangu," na kicheko kikarudi.

Msimamizi akamwonyesha ukuta wa ghorofa ya juu, upande wa ziwa. Nikamwekea ngazi mwenyewe, sikumwachia mtu. Nikamtundikia dumu moja lililosalia. Akapanda, kipandio kimoja baada ya kingine, na nilipotaka kumwambia asiangalie chini nikaona haina haja. Akachovya, akakamua, akaipeleka rola juu, taratibu, mstari mmoja mrefu mweupe. Akausogelea akautazama. Akapitisha tena pembeni yake.

Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi kwa mikono yote miwili, nasubiri anitazame. Nilisubiri sana. Wale wote nyuma yangu hakuwaona, na mimi hakuniona, alikuwa na ule ukuta tu, uso wake umelainika kwa namna ambayo nilidhani ni yangu peke yangu. Basi nikashika ngazi, nikauonea wivu ukuta.